Si Kila Picha Ikikata Aitwe Fundi

Nimeomba nafasi katika jarida letu mwaka huu niseme neno kuhusu madishi yaliyojaa juu ya mapaa yetu hapa Makupa. Simama karibu na mzunguko uangalie upande wa Majengo. Kila paa lina sahani yake, na sahani zenyewe zimelala chali kana kwamba zangoja kupakuliwa pilau.

Kulala huko kuna sababu. Setilaiti za runinga zimekaa juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, nasi tuko nyuzi nne tu kusini ya mstari huo. Basi setilaiti kama ile iliyo nyuzi 36 mashariki iko karibu na utosi wetu. Kule London madishi husimama wima ukutani. Ya kwetu hutazama mbinguni, yakapokea mvua, vumbi, majani ya mwarobaini na zawadi za kunguru.

Hayo si siri. Linaloniudhi ni kwamba yamefanywa siri. Mwezi wa Mei, jioni ya mvua kubwa, picha ilikatika kwa nyanyangu. Asubuhi yake akaja fundi mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi. Mvua ilikuwa imekwisha. Akachomoa waya, akauchomeka, picha ikawaka, akadai shilingi elfu moja.

"Imekuwaje, mwanangu?" nyanya akamuuliza.

"Mambo ya signali hayo, Bi Mkubwa. Hutaelewa."

Ati hutaelewa! Mtu anayejua kaskazi na kusi, anayetazama wingu akakwambia anua nguo, ashindwe na signali? Ataelewa, almuradi aelezwe kwa lugha yake.

Mawimbi yanayoingia kwenye dishi dogo yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa ya mvua huyanyonya na kuyatawanya. Masika yakishuka kwa nguvu, picha hukatika. Wingu likipita, hurudi yenyewe. Dawa yake ni subira na kikombe cha kahawa tungu. Hata jua lina zamu yake: mwezi wa Machi na Septemba hupita nyuma ya setilaiti karibu na adhuhuri, likaifunika kwa kelele zake dakika chache, siku kadhaa mfululizo. Fundi gani atalitengeneza jua?

Wazee wamezoea chenga. Kabla ya mitambo ya analogi kuzimwa nchini mwaka 2015, signali ikipungua uliona chenga, ukatoka nje ukageuza antena. Dijitali haikupi onyo hilo. Picha hubaki safi mpaka mwisho, kisha ghafla hugawanyika vipande vya mraba, sauti ikakwaruza, halafu kimya. Mtu hudhani dikoda imekufa leo, kumbe bolti za dishi zilianza kulegea kwa upepo wa kusi tangu wiki jana.

Ndani ya dikoda mna ukurasa wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu ya signali na mmoja wa ubora wake. Nguvu ikiwa sufuri, mara nyingi kosa ni la waya: umechomoka, umekatika, au kichwa chake kimeliwa na kutu. Nguvu ikiwa juu lakini ubora uko chini kabisa, mara nyingi dishi limegeuka au kitu kimelikinga.

Na je, nusu ya stesheni zikipotea, nusu zikabaki? Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipostaajabu. Dikoda hupeleka umeme mdogo juu kwa waya uleule unaoleta picha: volti 13 kuitisha mawimbi ya wima, volti 18 kuitisha ya mlalo. Kutu ikiula umeme huo njiani, kile kichwa cha dishi, ambacho mafundi hukiita LNB, hakiisikii amri ya 18, na stesheni za mlalo huondoka zote pamoja. Nasi kutu tunaijua, chumvi ya bahari iko huku na huku.

Sauti ikipotea peke yake na picha ni safi, dishi halina hatia, maana picha na sauti husafiri pamoja. Tafuta kosa kwenye rimoti, waya wa kuingia runingani, au mipangilio ya sauti ndani ya dikoda.

Sasa maneno haya yote kwenye kioo cha nyanya yameandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imesema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Kwenye dikoda hajafika. Kwa maoni yangu, chama chetu kisingoje. Tuandike karatasi moja ya Kiswahili, tuigawe nyumba hadi nyumba. Wima na mlalo tumevisoma darasani, nguvu na ubora ni vyetu tangu zamani.

Wenzangu wengine wamesema tutawanyima mafundi riziki. La hasha! Kulielekeza dishi ni kazi yao, kwani likikosea nyuzi mbili tu signali imekwenda. Tena karatasi yetu iseme wazi kwamba mtoto asipande mabati, hasa yaliyolowa, na dikoda izimwe kwenye umeme kabla waya haujaguswa.

Limebaki neno moja tu linalotutatiza, la ile picha inayogawanyika vipande vya mraba. Nyanya husema "picha imekatwa kashata", nami sijasikia lililo bora. Mwenye jingine alilete mkutano wa Alhamisi.