Bwana Shamba na Vyombo vya Kazi: Gurudumu la Nyuma Likivuma



Mwezi huu siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya gurudumu la nyuma la gari. Usishangae. Pamba ya Magu na Kwimba, mpunga wa Sengerema na dagaa wa Ukerewe hupanda gari kabla ya kuwa fedha. Gurudumu likichomoka njiani, jasho la mwaka mzima hulala mtaroni. Na mara nyingi juu ya magunia huwa wamekaa watu.

Vijijini bado yako magari ya zamani yanayofanya kazi. Moja ni Land Rover. Gari hili lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948. Zile za toleo la tatu zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Ni wazee sasa. Lakini wazee hawa wana faida moja: fundi wa kijijini anaweza kuwafungua kwa spana chache.

Kwanza tujue difu ni nini. Ni lile boga la chuma lililo katikati ya ekseli, chini ya gari. Wewe unayelima kwa ng'ombe utaielewa upesi. Ukifika mwisho wa tuta na kugeuza jembe, ng'ombe wa nje hutembea hatua nyingi. Ng'ombe wa ndani hukanyaga karibu pale pale. Ukiwalazimisha waende sawasawa, nira itavunjika. Magurudumu ya gari ni hivyo hivyo. Penye kona, la nje hukimbia na la ndani hupunguza mwendo. Difu ndiyo inayoruhusu jambo hilo. Tena difu hupunguza mizunguko. Katika Land Rover za zamani, propela huzunguka karibu mara 5 ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Ndiyo maana gari huweza kuvuta mzigo.

Sasa sikia jambo la hatari. Katika Land Rover hizi, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu italiruhusu lile lililo hewani lizunguke, na lile lililo chini nalo lizunguke. Gari litaondoka juu ya jeki ingawa umevuta breki ya mkono mpaka mwisho! Kwa hiyo weka mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele kabla hujagusa jeki. Kisha egemeza ekseli juu ya gogo gumu. Usitumie tofali, hupasuka ghafla. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kikundi kimoja cha wakulima wa pamba katika eneo langu kina Land Rover ndefu. Msimu mmoja wa kuuza pamba gurudumu la nyuma la kushoto lilianza kuvuma. Wengine walisema, "Tumalize kwanza kusomba, tutatengeneza baadaye." Pamba ilikuwa ghalani, na kila mtu alikuwa na deni lake. Dereva alisema sauti ile ni ya tairi. Mweka hazina, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akamwuliza dereva, "Jana juu ya magunia walipanda watu wangapi?" Dereva akajibu, "Saba, mama." Mama yule akafunga daftari la fedha. Akasema hatatoa fedha ya mafuta mpaka gurudumu lifunguliwe. Wapo waliomkasirikia. Siku mbili walisomba kwa mikokoteni ya ng'ombe, na kazi ilikwenda polepole. Lakini mimi nilikuwepo gurudumu lilipofunguliwa, na nitakuelezeni tuliyoyaona.

Kabla ya kufungua, fundi alipima. Alitembeza gari huku akisikiliza. Sauti ya beringi huongezeka kadiri gari linavyokwenda kasi. Mara nyingi hubadilika gari likilalia upande mmoja. Sauti ya difu ni nyingine. Hulia ukikanyaga mafuta, kisha hubadilika ukiachia. Halafu aliinua gurudumu, akalishika juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa. Likagonga. Beringi imelegea au imekwisha.

Akatoa tairi. Akatoa dramu ya breki, ambayo imeshikwa na skrubu 3. Ndani ya breki kuna vumbi. Usilipulize kwa mdomo, maana vitambaa vya breki za zamani vina asbesto inayodhuru mapafu. Lowesha kwa maji, kisha pangusa. Akafungua boliti 6 na kuvuta shafti nje. Ndani ya habu kuna nati 2 kubwa, na katikati yake washa iliyokunjwa. Nati hizi zina spana yake ya milimita 52. Nimeona mafundi wakizipiga kwa patasi na nyundo. Huo si ufundi. Nati huharibika, na siku nyingine haikazwi sawasawa. Spana moja inaweza kununuliwa na vikundi vitatu kwa pamoja.

Habu ilipotoka tuliona mambo mawili. Beringi ya nje ilikuwa na rangi ya bluu, na vyuma vyake vimetobokatoboka kama mahindi yaliyoliwa na fukusi. Rangi ile ni alama ya joto kali. Beringi ya namna hiyo haioshwi ikarudishwa. Hutupwa pamoja na kikombe chake, kwa sababu kikombe cha zamani kitaila beringi mpya. Jambo la pili, sili ya oili ilikuwa imechanika. Oili ya difu ilipita ikasafisha grisi yote, ikamwagikia kwenye vitambaa vya breki. Kumbe gari lile lilikuwa likisimama kwa breki za upande mmoja, na watu saba juu. Vitambaa vilivyolowa oili havifai tena. Badilisha pande zote mbili, ili gari lisivute upande.

Beringi ambayo bado ni nzima ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe, kisha ijaze grisi ya beringi. Weka grisi kiganjani na uisukumize ndani mpaka itokee upande wa pili. Mikono yako iwe safi, kwa maana punje ya mchanga ni adui mkubwa. Sili mpya mdomo wake utazame ndani. Pia tazama ile pete ambayo sili hukaa juu yake. Ikiwa ina mfereji, sili mpya itavuja tena.

Wakati wa kukaza, zungusha habu huku ukikaza nati ya kwanza mpaka isicheze. Halafu ilegeze kidogo sana. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.10 hadi 0.15, yaani kama unene wa karatasi ya daftari. Weka washa mpya, kaza nati ya pili, kunja washa. Ukishatembeza gari kidogo, gusa habu kwa mkono. Ikiwa na uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, umekaza mno.

Magari mengine hayafanani na haya. Yapo mengi ambayo beringi imebanwa juu ya shafti yenyewe, na kuitoa kunataka mashine. Hayo yapelekeni kwa fundi mwenye mashine hiyo.

Sasa difu. Fundi alifungua kwanza boliti ya kujazia, ndipo akafungua ya kumwagia. Sababu ni hii: ukimwaga kwanza, halafu boliti ya kujazia ikakataa kufunguka, gari lako limekwama bila oili. Oili iliyotoka ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Hiyo ni dalili ya maji. Dereva akaeleza kwamba kila jioni huliingiza gari ziwani kulisafisha, maana wanakikundi walilalamika kuwa linanuka dagaa.

Fanya jaribio hili. Acha chupa tupu juani ipate joto. Kisha iinamishe mdomo ndani ya maji baridi. Maji yatapanda ndani. Difu ni chupa hiyo. Ikitoka safari ina joto. Ukiiingiza ziwani, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupita kwenye sili. Juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia. Kikizibwa na tope, maji huvutwa zaidi. Kisafisheni.

Oili ya difu ni oili ya gia nambari 90 yenye alama ya EP. Si ya injini. Difu ya kawaida ya Land Rover hizi hula lita 1.75. Ile kubwa ya magari marefu hula lita 2.5. Gari lisimame mahali tambarare, nawe ujaze mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu. Tope laini la kijivu kwenye boliti si jambo la kutisha. Ukikuta vipande vya meno, usiendeshe gari hilo.

Oili chafu isimwagwe ziwani wala karibu yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ziwa hilo ndilo tunalolinywa. Iwekeni kwenye galoni. Tena nimeona watu wakiwapaka ng'ombe oili hiyo ili kuua kupe. Acheni, inaunguza ngozi. Kupe wana dawa yao.

Na wewe usiye na gari, mkokoteni wako pengine umetengenezwa kwa ekseli ya gari la zamani. Beringi zake ni zile zile. Ng'ombe hawasemi, lakini mkokoteni ukivuta upande mmoja, au gurudumu likitikisika, lifungue na kulitia grisi kabla ya mavuno. Kikundi kile sasa kinaosha gari lake kwa ndoo, mbali na ziwa, na yule mama bado anashika daftari.