Akeem Amesahau

“Ni vichekesho tu,” wenzangu huniambia kila ninapoilaumu Coming 2 America. Sikubali. Hata kichekesho kina kumbukumbu. Katika filamu ya 1988, mwanamfalme Akeem alimkataa mchumba aliyelelewa kumtii tu, akaenda Queens kupiga deki mgahawani, akitafuta mwanamke mwenye mawazo yake mwenyewe. Katika mwendelezo wa 2021, Akeem huyo huyo, sasa mfalme, anamnyima Meeka, binti yake mkubwa, haki ya kurithi kiti, kisha anavuka bahari kumfuata mtoto wa kiume asiyemjua. Ndiyo, mwishoni Meeka anatajwa mrithi. Lakini muda wote wa hadithi kapewa kaka. Mwendelezo wenye ujasiri ungempeleka Meeka Queens.