Nidhamu ya Bunduki Isiishie Mtwara

Wapo wenzetu ambao wakishapewa cheo hudhani wamepewa pia ruhusa ya kupita kila mlango bila kuulizwa. Kaunta ya ndege ni mmoja wa milango michache ambayo haijaikubali dhana hiyo. Mtumishi aliyehamishiwa Masasi au Newala, akiwa na bunduki ya kuwindia anayoimiliki kihalali, akitaka kusafiri nayo kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, hana budi kujibu maswali yale yale anayoulizwa tajiri wa Texas anayekuja kuwinda Selous. Na ni haki aulizwe.

Utaratibu wenyewe hauna fumbo. Abiria hulipasha habari shirika la ndege mapema, si asubuhi ya safari. Huonyesha kibali, huikabidhi bunduki ikiwa tupu ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, nayo husafiri tumboni mwa ndege ambako hakuna mkono wa abiria unaofika. Risasi hufungashwa barabara zisigongane, na kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zimeweka ukomo wa kilo 5 kwa kila abiria, uzito wa kifungashio ukiwamo. Mtu na ndugu yake hawaruhusiwi kuunganisha vipimo vyao katika kasha moja. Kwa bunduki ya marisau, kilo hizo ni kiasi cha risasi 100. Anayetaka zaidi ya hizo kwa safari moja na aeleze anakwenda kuwinda nini.

Gobore, silaha waliyoizoea babu zetu, lina kizuizi kikubwa zaidi. Hushindiliwa baruti ya unga, na baruti ya unga hairuhusiwi kabisa katika mzigo wa abiria, hata kijiko kimoja. Mwalimu wa kemia ataeleza sababu yake vizuri kuliko mimi. Risasi ya kisasa imefungiwa baruti ndani ya ganda, na hata moja ikilipuka katika kifurushi kilichofungwa sawasawa, madhara yake hayavuki kifurushi hicho. Baruti iliyo wazi hudaka cheche ndogo na kuwaka yote kwa mara moja. Kwa hiyo kanuni haikutungwa kumpendelea mwenye bunduki ya gharama, ingawa mkulima wa Newala akiona hivyo hatutamlaumu.

(Mashirika ya ndege nayo yana dhamiri ya ajabu. Agosti 2015, baada ya simba aitwaye Cecil kuuawa na mwindaji wa Kimarekani nchini Zimbabwe, mashirika makubwa ya Marekani, Delta likiwamo, yalitangaza kwamba hayatabeba tena nyara za simba, chui, tembo, faru wala nyati. Bunduki ya mwindaji Delta iliendelea kuibeba.)

Isidhaniwe kwamba bunduki katika wilaya hizi ni anasa ya wakubwa. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde ikilitazama bonde la Ruvuma, na Msumbiji iko ng'ambo. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katikati ya milima yake ya mawe. Kote huko mihogo na mahindi huhitaji mlinzi wa usiku, na adui wa kwanza ni nguruwe mwitu. Mlinzi hulala shambani katika dungu la miti na nyasi. Nguruwe humfuata muhogo, simba humfuata nguruwe, na kati yao yuko binadamu aliyelala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulieleza kuwa tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308, na kwamba kusini mwa nchi ndiko kulikoumia zaidi. Mwenye bunduki halali kijijini, awe afisa wanyamapori au mwalimu, ni mtu anayebishiwa hodi usiku.

Ndiyo maana safari ya bunduki hiyo inatuhusu sote, na ndiyo maana sehemu yake ya pili inatia wasiwasi. Ndege imetua Mtwara, sanduku limerudishwa kwa mwenyewe. Kutoka hapo ni basi: ama kwa njia ya Tandahimba hadi Newala, ama kwa Mingoyo na Ndanda hadi Masasi. Nani atamwuliza akiitoa bunduki sandukuni, akaifunga kwa khanga na kuilaza chini ya kiti? Nani atajua kama risasi ziko mfukoni au zimo tayari ndani ya mtutu? Angani, kwa muda wa saa moja tu, tumeilinda kwa kufuli na karatasi. Ardhini, kwa saa nyingi, pamoja na watoto, magunia na vituo vya chakula ambapo kila mtu hushuka, tunaiacha kwa hisani ya mwenyewe. Na bunduki ikiibwa njiani, mto wa mpakani si mbali.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikomi kwenye uzio wa uwanja wa ndege. Kinachotakiwa ni kuipa mahali pa kusimama ndani ya basi. Polisi wakishirikiana na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa mwaka 2019, wanaweza kudai kila basi la njia hizo liwe na sanduku la chuma lililochomelewa katika buti, na ufunguo ukae kwa dereva. Namba ya kibali iandikwe kituoni kabla ya kuondoka, na mwenye silaha aripoti polisi afikapo. Wapo watakaosema kwamba daftari hilo litawaonyesha wezi ni basi gani la kuvizia. Hoja hiyo ina uzito. Basi daftari likae polisi, si kwa kondakta. Watakaolalamikia gharama wajue kwamba sanduku la namna hiyo ni kazi ya fundi mmoja wa kuchomelea.

Magari ya serikali nayo yasisahauliwe, maana kiti cha nyuma cha gari la ofisi hakina kufuli. Mvua za Desemba zikianza, madungu yatajengwa upya na bunduki zitasafiri kwa wingi zaidi. Masanduku ya mabasi ya Masasi na Newala yanaweza kuwa yamekwisha chomelewa kabla ya hapo.