MBUNGE WA MUHULA WA KWANZA NA PAKITI YA PEDI (Sehemu ya 3)

Mama zangu. Ambao watoto wamegoma kulala, soma hivyo hivyo ukiwa umembeba.

Sehemu iliyopita niliandika juu ya binti anayevunja ungo, nikasema mwishoni kwamba pedi si shida ya mama na binti peke yao, ni shida ya Bunge pia. Juzi baba mmoja akanisimamisha sokoni Kayanga. "Sista, wewe kaa kwenye sindano zako, siasa tuachie. Mbunge wa muhula wa kwanza atafanya nini? Anajifunza. Na hao wa viti maalum ndio kabisa, kazi yao kupiga makofi." Nilikuwa nawahi zamu, nikacheka nikapita. Leo namjibu.

Baba yangu, muhula mmoja ni miaka mitano. Mtoto niliyemchoma chanjo ya BCG siku mbunge anaapishwa, siku Bunge linavunjwa anajiandaa kuanza shule. Sasa unaniambia mtoto ametambaa, ametembea, ameota meno, anaimba a e i o u, na mbunge bado anajifunza?

Hebu tuangalie Bunge lililoanza Novemba 2015. Lilikuwa na wabunge 113 wa viti maalum, na mmoja wao ni Upendo Peneza wa Geita, aliyeingia kupitia CHADEMA. Binti mdogo, muhula wa kwanza, hana jimbo. Kwa hesabu ya yule baba huyo ni sifuri mara mbili. Lakini ndiye aliyesimama akaongea hedhi mbele ya wanaume waliojaa ule ukumbi. Alitaka kodi iondolewe kwenye taulo za kike na wanafunzi wa kike wapewe bure. Jamani, hedhi! Neno ambalo hata kliniki mama ananinong'oneza, tena baada ya kuangalia mlangoni.

Bajeti ya 2018/19 ikaja na msamaha wa VAT kwenye taulo za kike. Najua hakuwa peke yake, kulikuwa na wabunge wanawake wengine, wa chama tawala pia, na wanaharakati nje ya Bunge. Lakini usiniambie alikuwa anapiga makofi.

Sasa njoo kwenye kinachoniuma. Tarehe 13 Juni 2019 Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, akasoma bajeti nyingine, na ule msamaha ukafutwa. Sababu iliyotolewa: wafanyabiashara hawakushusha bei, kwa hiyo msamaha haukumsaidia mlengwa.

Mimi ni nesi, naomba nilisemee hili kinesi. Daktari ameandika dawa. Dawa imeishia njiani, mgonjwa hajaimeza. Mgonjwa hajapona. Utafuta ile dawa kwenye cheti useme haifanyi kazi, au utamfuata aliyeishikilia njiani? Hapa aliyeadhibiwa ni mgonjwa. Mwenye duka bei yake ilibaki pale pale, na wewe mama ukarudishiwa kodi yako.

Na kuna kitu hawakutueleza vizuri. Msamaha wa VAT si sawa na kodi kufutika yote. Kiwanda cha pedi kinanunua pamba, nailoni, karatasi za kufungia, na huko kinalipa VAT. Bidhaa yake ikisamehewa, hakiwezi kudai ile kodi irudishwe, inabaki ndani ya bei. Kwa hiyo hata mfanyabiashara mwaminifu asingeweza kushusha asilimia 18 yote. Weka na mizigo iliyonunuliwa kabla ya msamaha, halafu uniambie kama mwaka mmoja ulitosha kupima. Sisi hata dozi ya TB hatuihukumu kwa wiki mbili.

Piga hesabu ya nyumbani kwako. Tuseme pakiti unainunua 2,000. Ndani yake kodi ni kama 305. Nyumba yenye mama na mabinti wawili, pakiti moja kila mmoja kwa mwezi, mwaka ni pakiti 36, yaani 72,000, na karibu 11,000 ya hiyo ni kodi. Ya kuwa mwanamke tu. Waitu, kwa mama anayesubiri msimu wa kahawa hiyo ni madaftari na sare.

Sasa rudi hapa kwetu. Mbunge wa Karagwe, Innocent Bashungwa, naye aliingia Bungeni 2015, muhula wa kwanza vile vile. Novemba 2018 akawa Naibu Waziri wa Kilimo. Juni 2019, siku chache kabla ya ile bajeti kusomwa, akateuliwa Waziri wa Viwanda na Biashara. Yule baba wa "anajifunza" anasemaje hapo? Muhula wa kwanza haujaisha, mtu wetu ameshika wizara yenye viwanda, yenye wafanyabiashara, yenye Tume ya Ushindani chini yake. Simbebeshi uamuzi uliosomwa akiwa hajamaliza hata wiki kwenye kiti. Ila aliendelea kukaa pale mpaka mwaka uliofuata, na swali la nani alikula ule msamaha lilikuwa la mlango huo huo.

Nani kutoka Nyakahanga aligonga? Mimi sikugonga. Nilikuwa na midomo ya kulalamika kwenye chumba cha chai, lakini mkutano wa hadhara nilikaa nyuma nimeshika mwavuli, wanaume wakauliza barabara, wakauliza bei ya kahawa, tukapiga vigelegele tukarudi kupika ndizi.

Mwezi wa nne uliopita, mvua imeshika, alinijia binti wa form two ana muwasho na vidonda mapajani. Kitambaa anakifua vizuri tu, ila anakianika chini ya kitanda ili kaka zake wasikione, na kwa mvua zetu hakikauki. Anakivaa kibichi. Siku zake akikosa kabisa cha kuvaa haendi shule. Nilimpa dawa, nikampa pakiti moja ya kwangu. Mwezi uliofuata je?

Mama mwenye binti kama huyo: kitambaa si dhambi, ila kifuliwe kwa sabuni na maji safi, kikauke kwenye jua au kipigwe pasi ya moto pande zote mbili. Wawe navyo vitano au sita vya kubadilisha. Na hao kaka waambiwe, wazoee.

Halafu mkutano ujao wa mbunge au diwani, mmoja wenu asimame kabla ya barabara. Aulize: kodi ya pedi itaondolewa lini, na safari hii nani atasimamia bei dukani? Na shule zetu za kata zimetengewa shilingi ngapi za taulo za kike mwaka huu? Akijibiwa "tunalifanyia kazi", aombe tarehe, aiandike kwenye daftari la kliniki kama tunavyoandika ya chanjo.

Sehemu ya 4 ni Alhamisi nikitoka zamu ya usiku: likizo ya uzazi, na yale masaa mawili ya kunyonyesha ambayo sheria ya kazi imekupa na bosi wako hakuambii.