Msiichane Barua ya Kukataliwa

Vijana wa Ilagala, nanyi nyote mnaoandika hadithi na mashairi kandokando ya Ziwa Tanganyika, nina neno nanyi. Mchapishaji akikurudishia mswada, usiichane ile barua yake. Itunze, uisome hasira zikishapoa, kisha uitumie: kwanza kuitengeneza kazi yako, pili kuitangaza.

Uingereza na Marekani mwandishi mara nyingi humfikia mchapishaji kwa kupitia wakala, na wakala ndiye anayekataa kwanza. Kwetu mswada huenda moja kwa moja kwa mhariri wa Dar es Salaam au Nairobi, mtu mwenye rundo la miswada mezani, ambaye kampuni yake inaishi zaidi kwa vitabu vya shule. Akikujibu tu kwamba kazi yako haiendani na mpango wao, usijitese kutafuta siri ndani ya maneno hayo, peleka kwingine. Lakini akikupa sababu, shukuru. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mhariri aliyekaa chini akakueleza kasoro zako hakukufukuza. Amekufanyia kazi ambayo wengine huilipia.

Chukulia umeandika riwaya ya wanawake waanika dagaa, katika ile miezi ya kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulipofungwa ziwani. Mhariri anajibu: mazungumzo ya wanawake hao yana uhai, sura mbili za mwanzo zimejaa maelezo, na wanunuzi watakuwa wachache. Hapo kuna mambo matatu. Maelezo yapunguze, hadithi ianze siku mitumbwi ilipovutwa nchi kavu. Sifa ya mazungumzo imekuonyesha nguvu yako ilipo: barua ya kwenda kwa mchapishaji wa pili ianze na hayo, na ukialikwa redioni au shuleni, soma hayo.

Hilo la wanunuzi linadai ushahidi, nao unapatikana hapo hapo kijijini. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, maana taa zao hazivuti samaki mwezi ukiwaka. Keti nao mwaloni, wasomee sura moja. Andika walipocheka, andika walipoanza kupiga soga. Mwombe mwalimu wa Kiswahili aisome na wanafunzi wake. Kisha mwambie mchapishaji kwamba kitabu kimekwisha kupata wasikilizaji, na kwamba ng'ambo, Kongo na Burundi, wako wasomaji wa Kiswahili wanaoyajua maisha hayo hayo.

Okot p'Bitek wa Uganda alikwisha kupita njia hii. Utenzi wake uitwao Wimbo wa Lawino, alioutunga kwa Kiacholi, ulikosa mchapishaji kwa miaka. Hakuuacha. Aliutafsiri kwa Kiingereza, na East African Publishing House ya Nairobi ikautoa mwaka 1966. Ukapata jina Afrika nzima, na mwaka 1969 ule wa Kiacholi, uliokosa mlango, nao ukachapishwa. Aliyekosa mchapishaji alilitafuta soko, likamrudisha kwenye lugha ya mama yake.

Lakini tumieni barua hizo kwa adabu. Maneno ya mhariri ni ya faragha. Usiyabandike kwenye jalada bila ruhusa yake, wala usimtukane kwenye makundi ya simu. Wachapishaji wanafahamiana, na habari za mwandishi mgomvi hufika kabla ya mswada wake. Wala si kila shauri ni la kufuatwa. Wahariri wawili wasiojuana wakitaja kasoro ile ile, sahihisha. Mmoja akikutaka uuondoe Mto Malagarasi, mawese na Kiha cha bibi yako ili hadithi ifanane na za mjini, kataa. Hiyo ndiyo mali ambayo mwandishi mwingine hana.

Wala asiwadanganye mtu kwamba huku kwetu hakutoki waandishi. Ben Mtobwa alitoka mkoa wetu huu wa Kigoma, na riwaya zake zikasomwa nchi nzima. Leo ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Basi toeni zile barua mlizozificha, sahihisheni, na mswada uondoke tena Ilagala kabla mwaka haujaisha.