Reli Ambayo Haikufika Kwetu

Mwalimu mmoja mwenzangu, mtu mwenye elimu na mwenye kuheshimiwa, alisema siku moja katika chumba cha walimu kwamba watoto wa Kisii na Nyamira hawana haja ya kupelekwa kuyaona Makumbusho ya Reli ya Nairobi. "Reli haikufika Gusii," alisema, "basi historia yake si yetu. Hao watoto na waangalie majani chai, ndiyo yanayowalipia karo." Walimu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nataka kukueleza, msomaji, kwa nini nakijutia kicheko kile.

Lililo kweli katika maneno yake nalikubali. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na tarehe 20 Desemba 1901 ukafika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Tawi la Butere lilipomalizika mwaka 1930, lilielekea kaskazini, likatupa kisogo. Sisi tulibaki milimani na migomba yetu. Mtoto wa Keroka au wa Ekerenyo aweza kumaliza masomo ya sekondari pasipo kusikia hata mara moja mlio wa gari la moshi.

Lakini tazama jinsi neno lile "haikufika" linavyodanganya. Zamani mizigo ya Kisii ilishuka mpaka bandari ya Kendu Bay, ikapakiwa melini, ikavushwa hadi Kisumu, na hapo ikakutana na mabehewa. Meli zenyewe zilikuwa za shirika la reli. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliporuhusu Waafrika wa sehemu chache tu kupanda kahawa, Gusii ilikuwa miongoni mwa sehemu hizo pamoja na Meru na Embu, na kahawa haikupandwa ili inywewe Nyaribari. Ilipandwa iende Mombasa. Wala kahawa siyo iliyotangulia. Kodi ya kibanda ilitangulia. Kodi hiyo ilidaiwa kwa fedha, na fedha hazioti mgombani. Kijana akatoka kwao kwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya chai ya Kericho, na chai aliyoichuma ikasafirishwa hadi stesheni ya Lumbwa, ambayo sasa yaitwa Kipkelion. Mtu huyo alikuwa mtumishi wa reli ijapokuwa hakuwahi kupanda behewa. Utasemaje kwamba historia hiyo si ya mjukuu wake?

Na jirani zetu Wanandi wana haki ya kutucheka tukisema hivyo. Wao walipigana na wajenzi wa reli na watawala wao kwa miaka mingi, hata tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani. Katika mwaka huohuo wa 1905 majeshi ya Waingereza yaliingia Gusii. Wazee wetu husimulia bado utabiri wa Sakagwa juu ya wageni watakaokuja kukaa Getembe. Je, wageni hao waliletwa na nini mpaka karibu na mlango wetu, kama si njia ile ya chuma iliyokuwa imekomea ziwani miaka minne tu kabla?

Sasa nikupeleke kwenye makumbusho yenyewe. Yako karibu na stesheni kuu ya zamani ya Nairobi, na yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ilipokuwa bado mali ya shirika moja. Ndani ya jumba mna picha, taa, simu na vyombo vya mezani; lakini mambo makubwa yako nje, uani, katika jua na mvua. Hapo zimesimama injini za moshi. Mojawapo ina namba 5918, na jina lake ni Mount Gelai, jina la mlima ulioko kaskazini ya Tanzania. Ni moja ya injini 34 zilizotengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, na zote zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Uzito wake wapita tani 250. Husemwa kwamba katika reli zote za upana wa mita moja duniani hapakupata kuwapo injini za moshi zenye nguvu kuzishinda.

Ewe unayesoma fizikia, simama hapo kitambo. Reli yetu ilikuwa nyembamba, vyuma vyake vyepesi, na njia yake ilijaa kona na milima. Ilipanda kutoka pwani hadi ukingo wa Mau, zaidi ya futi 8,000 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremka mpaka ziwani. Injini nzito ya kawaida ingalivunja vyuma au kukataa kona. Dawa yake ni umbo hilo ulionalo, liitwalo Garratt: boila moja kubwa imeangikwa katikati, na mbele yake na nyuma yake pana seti mbili za mitambo na magurudumu, kila moja ikiweza kugeuka peke yake penye kona, huku uzito ukigawanyika juu ya magurudumu mengi. Mwanafunzi akiisoma habari hiyo kitabuni aisahau baada ya mtihani. Lakini akiinama chini ya Mount Gelai akaona kwa macho yake pale boila inapokalia mhimili, hatasahau mpaka uzee.

Halafu liko behewa namba 12. Watoto wote hulikimbilia, maana hadithi yake yatisha. Mwezi wa Juni mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, ofisa wa polisi aliyeitwa Charles Ryall alilala ndani yake pamoja na wenzake wawili ili kumvizia simba aliyekuwa akila watu. Ryall alishika zamu, usingizi ukamshinda, simba akaingia, akamwua, akatoka naye dirishani. Jina la Ryall twalijua. Behewa lake limetunzwa. Sina ugomvi na hilo, kwani alikufa kifo kibaya. Lakini miaka miwili kabla yake, huko Tsavo, simba wawili waliwala wajenzi wa reli kwa muda wa miezi kadhaa, na J. H. Patterson, aliyewaua simba hao mwezi wa Desemba 1898, aliandika katika kitabu chake kwamba walikufa Wahindi 28, na kwamba Waafrika waliokufa hawakuwekewa hesabu. Simba wenyewe wamehifadhiwa vizuri sana katika makumbusho ya Chicago, huko Marekani. Soma tena, msomaji. Simba wana makao yao na namba zao. Watu walioliwa hawana hata hesabu. Katika Wahindi zaidi ya 30,000 walioletwa kuijenga reli, walikufa karibu 2,500, nao angalau walihesabiwa.

Hapa ndipo nakasirika, na hasira yangu yaanzia kwangu mwenyewe. Nimepata kufuatana na wanafunzi katika safari ya masomo kwenda Nairobi. Tuliondoka Kisii usiku wa manane, tukapita Narok tukisinzia, safari ya zaidi ya kilomita 300. Katika makumbusho tulikaa dakika arobaini. Wanafunzi walisimama mbele ya injini wakapigana picha, mmoja akapanda ngazi akajifanya dereva, tukapiga kelele za kuwaharakisha, dereva wa basi naye akapiga honi. Alasiri yote tuliitumia katika maduka makubwa. Nilipowauliza baadaye waliyoyaona, mmoja alinijibu, "Magari makuukuu, Mwalimu." Alisema kweli. Sisi walimu hatukuwaonyesha kingine. Kumbe basi yule mwenzangu aliyesema safari hizi ni upuuzi alikuwa akizihukumu jinsi tunavyozifanya, na kwa jinsi hiyo ana haki.

Wako wanaodhani dawa ni kuongeza nidhamu: daftari, foleni, kimya, insha ya kurasa mbili Jumatatu. Mimi nasema dawa ni kuwachukua wazazi. Kwa nini safari ya kwenda kuona mambo ya kale iwe ya vijana peke yao, na watu waliyoyaona mambo hayo waachwe nyumbani wakichunga ng'ombe? Nyumbani kwako huenda yuko babu aliyechuma chai Kericho, au magokoro aliyepata kusafiri katika daraja la tatu kutoka Kisumu kwenda kumwona mumewe Nairobi, na kikapu cha ndizi chini ya kiti. Mweke mzee huyo mbele ya behewa la daraja la tatu, kisha la daraja la kwanza lenye vitanda na mito, naye atasema jambo lisiloandikwa katika kibao chochote cha makumbusho. Mtoto atauliza, "Wewe ulikaa wapi?" Jibu la swali hilo ni somo zima la siasa ya ukoloni.

Mtanijibu kwamba familia nyingi hazina nauli. Najua, mimi si mgeni wa nchi hii. Lakini nawajua pia wazazi wanaouza ndama ili mtoto asiaibike siku basi la shule linapoondoka, na nauliza kama fedha hiyohiyo isingeweza kumpeleka mtoto na mama yake mara moja katika miaka minne, badala ya mtoto peke yake kila mwaka kwenda kuangalia maduka. Harambee zetu zimejenga madarasa na zahanati. Haziwezi kuwapandisha wazee kumi gari la moshi?

Nimesema gari la moshi, wala si basi. Makumbusho ya reli ambayo mtu hapandi gari ni sawa na makumbusho ya ngoma ambayo ngoma haipigwi. Huko Wales, mwaka 1951, watu wa kujitolea waliichukua reli ndogo ya Talyllyn iliyokuwa karibu kufa, wakaiendesha wenyewe, na mpaka leo familia huja kupanda mabehewa yake yakivutwa na injini za moshi. Wala tusidhani mambo hayo ni ya Ulaya tu. Mount Gelai yenyewe ilifufuliwa mwanzoni mwa karne hii, ikavuta abiria tena. Injini tunayo; tuliloliacha ni kuidai. Na hata kabla ya kuidai, iko njia ya zamani: mwezi wa Desemba 2021 gari la abiria lilianza tena kwenda kati ya Nairobi na Kisumu juu ya vyuma vilevile vya upana wa mita moja. Ratiba ya gari hilo yafaa iulizwe stesheni kabla ya kufunga mizigo. Lakini familia ya Nyamira ikishuka kwa matatu mpaka Kisumu, ikapanda hapo, itakuwa imeingia katika makumbusho tangu Kisumu.

Mwenzangu mwingine, huyu wa tabia ya ukali, hulalamika kwamba siku hizi uwanja wa makumbusho hufanyiwa tamasha, muziki, masoko ya vyakula, na kwamba wachoraji wamegeuza mabehewa mabovu kuwa karakana zao. Asema ni kulidharau jumba la elimu. La, Mwalimu! Mahali panapochezwa na watoto na kuliwa na wazazi hapabomolewi kwa urahisi, na ardhi ile iko katikati ya mji, penye macho mengi ya kuitamani. Kama kuna la kulalamikia, ni kwamba katika tamasha hizo sisi hatumo. Natamani kusikia obokano ikipigwa kando ya Mount Gelai. Natamani pia wachongaji wa Tabaka, wanaochonga viboko na twiga kwa ajili ya watalii, wachonge siku moja kichwa cha Garratt. Jiwe letu laini lingeuweza vizuri ule mviringo wa boila.

Iko sababu ya mwisho ya haraka yangu. Reli mpya, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, imekusudiwa kuendelezwa kutoka Naivasha mpaka Kisumu, na katika mipango iliyotangazwa njia yake yapitia Nyamira. Wapimaji watafika penye mashamba ambayo ndugu wanne wamegawana ekari mbili. Nani atasimama mbele yao kuuliza shamba litalipwa kiasi gani, kaburi la babu litahamishwa na nani, na stesheni itakuwa wapi? Ni wewe, unayesoma kitabu hiki darasani.

Kwa hiyo likizo ikifika na safari ikipatikana, mshike mzee wako mkono, uingie naye uani. Mwonyeshe injini, umwache aguse chuma. Lifuate behewa namba 12, usikilize habari ya Ryall mpaka mwisho. Kisha umwulize kwa heshima mtu wa makumbusho: wale Waafrika wa Tsavo waliitwa nani?