Mwanasesere wa Wodi ya Wazazi Si Mchezo



Kwenye foleni ya kliniki ya wazazi yanasikika manung'uniko: "Wauguzi wanacheza na mwanasesere, sisi tunangoja." Wengine wanasema anayejifunza bado hafai kutuhudumia. Uchovu wa kungoja tunaufahamu. Lakini maneno hayo hatukubaliani nayo.

Mtoto akizaliwa bila kulia wala kupumua, mkunga ana dakika moja tu. Wataalamu huiita Dakika ya Dhahabu. Ndani yake amkaushe, amsugue mgongo, asafishe njia ya hewa kama imeziba, na mtoto asipopumua aanze kumsukumia hewa kwa mfuko na kinyago. Kinyago kikikaa vibaya, hewa hutokea pembeni na kifua hakipandi. Kosa hilo ni afadhali lifanyike kwa mwanasesere kuliko kwa mtoto wako.

Tena watoto wa namna hii si wengi. Hata mkunga mzoefu anaweza kukaa wiki kadhaa bila kumpokea mmoja, na mkono usiotumika husahau.

Tuangalie Tanzania. Wakunga wa hospitali 8 walianza kufundishwa kwa njia hii mwaka 2009. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini katika hospitali ya Haydom, mafunzo ya siku moja ya mwaka 2010 peke yake hayakubadilisha kazi ya wodini. Vifo vilipungua baada ya kuanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, dakika chache kila wiki.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Wakuu wa kliniki, mazoezi yawe mafupi, yafanyike kila wiki, na wahudumu wapokezane ili foleni isisimame. Semina moja kwa mwaka haitoshi.

Nanyi akina mama, wahini kliniki uchungu unapoanza. Akina baba, wasindikizeni. Mkunga aliyefanya mazoezi hawezi kumsaidia mtoto anayezaliwa ndani ya hema bila yeye kuwepo. Mkiwa na wasiwasi, muulizeni kwa heshima: "Mara ya mwisho mmefanya mazoezi lini?" Kuuliza ni haki yenu.

Mkimwona muuguzi ameinamia mwanasesere, msimcheke. Anamwandalia nafasi mtoto ambaye bado hajazaliwa.